Bitana ya Mfupa

Jumatatu, 10 Machi

Leo kliniki tumepata mgonjwa anayeuliza. Wengi hawaulizi. Wanaketi kwenye kiti, wanafumba macho, wanafungua mdomo, na tukimaliza wanataka kujua tu kama wanaweza kula chapati.

Huyu ni Mzee Ogutu, fundi wa nguo pale Ngara, anayeshona majoho ya kwaya na suti za harusi. Miaka mitatu iliyopita aliteleza kwenye ngazi akizibua mfereji wa paa la duka lake, akapoteza meno matatu ya mbele, ya juu. Tangu hapo huongea ameziba mdomo kwa mkono. Pini zake, ambazo fundi huzibana kwa meno, sasa anazichomeka kwenye ukosi wa shati. Leo zilikuwa hapo, saba, alisahau kuzitoa. Alikuja na bintiye Lornah, ambaye ndiye aliyemsukuma mpaka akakubali.

Daktari Kitavi alimwonyesha picha ya eksirei. Jino likitoka, mfupa uliolishikilia huanza kuliwa, maana hauna kazi tena. Wa mzee umebaki mwembamba kama ukingo wa sahani. Akitaka meno ya kudumu, lazima mfupa ujengwe kwanza. Tutatumia chenga za mfupa wa ng'ombe, zilizosafishwa kwa moto na dawa mpaka hakuna nyama wala mafuta, madini matupu. Mfupa wake mwenyewe utaota ukizishika chenga hizo, kama maharagwe yanavyopanda kijiti.

Kisha simu ikamwita Daktari nje. Mzee akanigeukia mimi, muuguzi wake.

"Binti, ni ng'ombe kweli? Si mnyama mwingine?"

"Ni ng'ombe, mzee. Huu ni mwaka wangu wa tisa hapa."

"Mimi ni Msabato. Nguruwe hatuli. Na kwangu si kula peke yake. Sitaki aniingie hata kidogo."

"Hapana, mzee. Usiwe na wasiwasi."

Jumatano, 12 Machi

Daktari alitumia saa yake ya chakula kumng'oa jino askari wa mlangoni, kisha akala wali wake ukiwa umepoa. Nilimwambia Mama jioni kwamba sijawahi kufanya kazi na mtu kama huyu. Mama akasema, "Umeshaniambia."

Alhamisi, 20 Machi

Mvua ya kwanza. Hapa kwetu Woodley kote kunanuka vumbi lililolowa. Mama ametoa ndoo zote nje.

Jumanne, 25 Machi

Siku ya Mzee Ogutu. Alifika mapema, amevaa suti, kana kwamba anakwenda kusimamia harusi. Nilipokuwa namfunga kitambaa kifuani aliniuliza tena, taratibu, Daktari akinawa mikono.

"Ng'ombe, si ndiyo?"

"Ng'ombe, mzee."

Hiyo ni mara ya pili. Naiandika kwa sababu leo ilinichekesha kidogo, jinsi wazee wanavyotaka kuhakikisha.

Sindano ya ganzi, kisha Daktari akafungua ufizi. Mimi nililowesha chenga kwa maji ya chumvi na damu yake mzee mwenyewe. Zinafanana na chumvi ya mawe. Daktari alizipanga kwenye pengo, akazishindilia kidogo kidogo, halafu akakata utando mweupe, mwembamba kama ile ngozi ya ndani ya ganda la yai la kuchemsha, akaufunika juu. Utando huo huzuia ufizi usiingie mahali pa mfupa. Baada ya miezi michache huyeyuka wenyewe.

Mzee hakuweza kusema, lakini alipomaliza kushonwa aliomba kalamu. Akaandika nyuma ya kadi yake: *Kitambaa cha juu ni cha nini?* Daktari akamweleza. Mzee akaandika: *Kumbe bitana.* Daktari akacheka sana. Bitana, kama ile ya ndani ya koti. Nimefanya kazi hii miaka tisa na sikuwahi kupata jina zuri hivyo.

Amepewa kapsuli za siku kumi na dawa ya kusukutua. Nyuzi zitatolewa tarehe nane.

Jumatano, 26 Machi

Nilimpigia. Amelala vizuri, amekunywa uji.

Alhamisi, 27 Machi

Kila tunapotumia vifaa vya kupandikiza mfupa, nabandika lebo za pakiti kwenye faili la mgonjwa. Kazi ya dakika mbili. Leo lebo ya utando ilikuwa imegandana na karatasi ya maelezo, nikawa naibandua polepole, macho yakawa yanapita tu juu ya maandishi. Karatasi ina lugha kumi na nne. Kiswahili hakimo. Kwenye Kiingereza, mstari wa tatu, imeandikwa utando umetengenezwa kwa ngozi ya nguruwe.

Nilisoma tena. Nikachukua pakiti ya chenga: ng'ombe. Pakiti ya utando: nguruwe. Nikasoma na Kifaransa, ambacho sikijui, nione kama kinasema tofauti.

Miaka tisa. Nimeukabidhi mkononi mwa Daktari mara ngapi? Sikuwahi kujiuliza umetoka wapi. Mzee aliniuliza mara mbili, nami nikajibu mara mbili bila hata kuvuta pumzi.

Kesho nitamwonyesha Daktari.

Ijumaa, 28 Machi

Nilimngoja Daktari mpaka mgonjwa wa mwisho akatoka. Nikamwekea karatasi mezani. Hakuisoma.

"Najua," akasema.

"Ulijua, Daktari?"

"Ninajua vifaa vyangu, Debra. Sikufikiria tu. Nilimsikia akikuuliza kuhusu mfupa, na mfupa ni wa ng'ombe."

"Mimi aliniambia hataki nguruwe amwingie hata kidogo."

Hapo ndipo alipoinua macho. Nikaona hilo hakulijua. Akavua miwani, akaisugua na koti.

"Hukuniambia."

"Nilidhani hakuna la kukuambia."

Mvua ilikuwa inapiga madirisha. Kisha akasema, kwa sauti ile anayotumia kwa watoto wanaoogopa, "Sikiliza. Ikifika Septemba ule utando hautakuwepo. Hakuna mtu atakayeupata hata kwa darubini. Tukiutoa sasa, kazi yote inaharibika. Tukimwambia na tusiutoe, tumempa mzee mzigo wa kubeba bure. Utamsaidia nini?"

Linalonisumbua ni kwamba maneno yake yana akili.

"Mimi ndiye daktari wake," akasema. "Niachie mimi."

Jumapili, 30 Machi

Kanisani sikusikia mahubiri. Tulipokuwa tunachambua sukuma wiki jikoni nilimweleza Mama yote. Nilitegemea aseme nimwambie mzee. Mama ni wa kanisa, ni wa ukweli, alinichapa utotoni kwa uongo wa biskuti moja.

Akasema, "Usimwambie."

Nikashangaa. Akaendelea kukata sukuma, nyembamba sana, kama kawaida yake.

"Baba yako alipolazwa, daktari aliniita mimi kando. Akaniambia ni wiki, labda mwezi. Ephantus akaniuliza nilipoingia, 'Hannah, wamesemaje?' Nikamwambia, utapona. Basi akaanza kupanga. Atapanda viazi vya aina gani mwezi wa tatu. Atajenga choo upya. Alipanga mpaka siku ile."

"Hukuwahi kumwambia?"

"Hapana."

"Na ulifanya vizuri?"

Kisu kilisimama. "Miaka kumi na moja najiambia alikufa na furaha. Lakini alikuwa na ndugu yake waliyekosana kule Githunguri. Angejua, labda angemwita." Akafuta mikono kwa aproni. "Sijui, Debra. Usiniulize mimi. Mimi nilishachagua."

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Nilimchukia Baba kidogo kwa kuondoka bila kuniaga. Kumbe hakujua anaondoka.

Jumatatu, 31 Machi

Nimemwambia.

Nilitoka kazini saa ya chakula, nikatembea mpaka Ngara chini ya mwavuli. Duka la mzee liko ndani, baada ya wauza vitambaa, cherehani mbili na meza ya kukatia. Alikuwa anapiga pasi joho la rangi ya zambarau. Akafurahi kuniona. Akanitolea stuli, akaipangusa. Uso ulikuwa umevimba kidogo tu, kidonda kilikuwa safi, niliangalia kabla ya kusema neno. Nilitaka kujua kwamba ninachokwenda kukiharibu ni kizima.

"Mzee, uliniuliza kama ni ng'ombe."

"Eeh."

"Chenga ni za ng'ombe. Ile bitana ya juu ni ya nguruwe. Sikujua. Nilikujibu kabla ya kuangalia."

Aliweka pasi wima. Hakupaza sauti. Laiti angepaza.

"Nilikuuliza mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Ukajibu nini?"

"Ng'ombe."

"Kama ungesema hujui, ningengoja. Miaka mitatu nimekaa na pengo, ningeshindwa kungoja siku moja?"

Nikamweleza kwamba utando utayeyuka. Akauliza, utayeyuka uende wapi? Nikasema, mwilini. Akatikisa kichwa kana kwamba nimejibu swali lingine, gumu zaidi. Kisha akatoa kapsuli mfukoni mwa shati, akaziinua kwenye mwanga.

"Na hizi, ganda lake limetengenezwa na nini?"

Hapo nilikuwa makini. Nikasema sijui. Nikasema huenda ni gelatini, na gelatini yaweza kutoka kwa ng'ombe au nguruwe, lakini nitamtafutia vidonge vya kawaida leo leo, asikose dozi.

"Usinitafutie kitu," akasema. "Nenda, binti. Utachelewa kazi."

Alirudi kwenye joho lake. Nilipofika barabarani nilikumbuka mwavuli nimeuacha, sikuthubutu kurudi.

Jumanne, 1 Aprili

Nilimpelekea vidonge. Duka lilikuwa limefungwa. Nikamwachia jirani, muuza zipu.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua kutwa. Mzee hashiki simu.

Jumanne, 8 Aprili

Siku ya nyuzi. Saa nne ilipita, tano ikapita. Daktari alichungulia chumba cha kungojea mara tatu. Mwishowe akauliza, "Ulimwambia?"

"Ndiyo."

Hakunigombeza. Aliingia chumbani mwake akafunga mlango, na tangu hapo ananiita "Sista" kama anavyomwita muuguzi yeyote asiyemjua.

Jumatatu, 14 Aprili

Sista hiki, Sista kile.

Jumatano, 16 Aprili

Lornah amenipigia. Sikumtambua sauti.

"Dada Debra, baba amefura. Upande wote wa juu. Kunatoka usaha na anasema ni chumvi tu atasukutua."

"Dawa alimaliza?"

"Aliacha ile siku ulikuja. Hata zile tembe ulileta hakumeza. Anasema hajui ziko na nini. Mimi sikulaumu. Lakini sijui kama ningekuwa wewe ningesema."

Sijui pia. Nilifikiri ukweli ukishasemwa huwa umemaliza kazi. Sasa mzee ana usaha mdomoni kwa sababu niliona vyema kuutua mzigo wangu kwake wakati wa chakula cha mchana, nikarudi kazini. Daktari alisema sitamsaidia. Leo nimeona kwamba Daktari alisema kweli, na nimejiona mjinga, na bado nikijiuliza kama ningenyamaza, moyo unakataa.

Nilimweleza Daktari. Akasema, "Mlete." Nikasema hakubali kuja. Akasema, "Basi nifanye nini, Sista?"

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Nitaandika yote, maana sitaki kuja kuikumbuka vibaya.

Lornah alituma picha asubuhi. Ufizi umeachia, utando unaonekana, wa kijivu. Kliniki imefungwa kwa sikukuu. Nikaenda Kitisuru, nyumbani kwa Daktari, ambako sijawahi kufika. Mlinzi alinizuia langoni mpaka Daktari mwenyewe akaja, amevaa gambuti, ana jembe mkononi. Mvua ya usiku ilikuwa imejaza mtaro wake majani.

Nikamwonyesha picha. Aliikuza kwa vidole. Uso wake ukabadilika, ukawa uso wa kazini.

"Ameanza homa?"

"Lornah anasema tangu jana."

"Yuko wapi?"

"Dukani. Kwao Ijumaa Kuu si sikukuu. Atafunga duka jua likizama, Sabato ikianza."

Hakuniita Sista. Alisema, "Debra, nikienda, nitamwambia nini?"

Nilimtazama mtu huyu niliyemsifia Mama kila jioni, gambuti zina matope, na nikaelewa kwamba hakuwa amekasirika wiki zote hizi. Alikuwa ameona haya.

"Mwambie ulijua," nikasema.

Tulienda kwa gari lake. Barabara za mji zilikuwa tupu. Pale Ngara nusu ya maduka yalikuwa wazi. Mzee alikuwa kwenye cherehani, shavu limefura mpaka jicho limekuwa dogo. Alituona, akaendelea kushona. Lornah alisimama kutupisha, mzee akamwashiria aketi.

Daktari Kitavi alisimama katikati ya majoho yanayoning'inia. Mzee alishona pindo lote la suruali. Akaligeuza, akakata uzi, akaanza mguu wa pili. Tukangoja. Sijawahi kumwona Daktari akingoja mtu. Alipomaliza, mzee aliinua uso.

"Sema."

"Mzee, nilijua ule utando ni wa nguruwe. Debra hakujua, mimi nilijua. Sikukuuliza kama una neno juu yake. Nilidhani kitu kisichomdhuru mtu hakina haja ya kusemwa. Nilikosea. Naomba unisamehe."

"Ungesema, ningekataa."

"Najua."

"Ningebaki na pengo langu. Lakini lingekuwa shauri langu mimi na Mungu wangu. Wewe umeamua mahali pangu."

"Ndiyo."

"Basi utoe."

"Nitatoa kilichobaki, lazima kitoke kwa sababu ya usaha. Chenga zilizoingiwa na usaha nazo zitatoka. Lakini sitakudanganya, mzee. Kiasi fulani kimeshaingia mwilini. Hicho siwezi kukutolea."

Lornah alianza kulia kimyakimya. Mzee aliikunja ile suruali, akaiweka kando. Nilisikia redio ya duka la jirani, wimbo wa msalaba.

"Angalau hilo umesema," akasema. "Twende basi, mnirudishe kabla ya jua kuzama."

Tulifungua kliniki sisi wenyewe. Daktari alinionyesha kila dawa, nami nikamsomea mzee pakiti yake kwa sauti kabla haijamgusa. Ilichukua muda. Utando ulitoka vipande vipande. Karibu theluthi moja ya chenga ilipotea. Zilizobaki zilikuwa zimeanza kushika, Daktari akazigusa kwa ncha ya kifaa, zikatulia. Saa kumi na moja tulikuwa tumemrudisha Ngara.

Mzee alimpa Daktari mkono. Mimi alinipa mwavuli wangu.

Jumatatu, 21 Aprili

Homa imeshuka. Anakunywa dawa, za maji.

Ijumaa, 2 Mei

Daktari anaandika upya fomu ya ridhaa, kwa Kiswahili. Tumebishana nusu saa juu ya mstari mmoja. Yeye aliandika, *Baadhi ya vifaa vina asili ya wanyama.* Nikamwambia, andika ng'ombe, andika nguruwe. Akasema itawatisha watu. Nikasema basi watauliza. Ameandika.

Si kwamba amekuwa mtu mwingine. Jana alimkatiza mgonjwa katikati ya swali kama zamani. Lakini alijisikia, akarudi, akasema, "Ulikuwa unasema?"

Jumanne, 13 Mei

Mgonjwa wa kwanza amekataa baada ya kusoma fomu. Daktari alinitazama tu, nami nikamtazama.

Jumamosi, 24 Mei

Mama ameenda Githunguri kumtembelea ami yangu, yule waliyekosana na Baba. Hakuniambia anaenda kusema nini. Amerudi na mfuko wa viazi, macho mekundu, amelala mapema.

Jumatatu, 9 Juni

Mvua imepungua. Sasa ni baridi na ukungu mpaka saa nne.

Jumanne, 17 Juni

Picha ya Mzee Ogutu. Mfupa umeota, si wote. Upande wa kushoto unatosha meno mawili. Wa kulia una shimo pale usaha ulipokula. Daktari alimweka mzee mbele ya skrini ya picha na kumweleza njia zote: kuacha hivyo na kuweka meno mawili, kuchukua mfupa wake mwenyewe kutoka nyuma ya taya, au chenga za ng'ombe tena, na utando uliotengenezwa kwa ng'ombe, ambao upo, kumbe upo siku zote, ni kuagiza tu.

Mzee akasema atafikiri.

Alhamisi, 26 Juni

Amekuja peke yake, bila Lornah. Amechagua ng'ombe. Kabla ya kuketi kwenye kiti aliomba pakiti zote, na karatasi zake za maelezo. Akavaa miwani, akazipanga kwenye meza ya Daktari kama mtu anayekata kitambaa cha ghali, akaanza kusoma kile Kiingereza. Nje kulikuwa na wagonjwa wanne. Daktari alikaa. Mimi nilisimama.

Alisoma pakiti ya chenga, akaisogeza upande. Akasoma utando, mstari kwa mstari, kidole kikifuata. Akausogeza nao. Akasoma sindano ya ganzi. Dakika ishirini hivi. Kisha akachukua kile kipakiti kidogo cha nyuzi za kushonea, akakigeuza huku na huku. Kipakiti hakikuwa na karatasi yake. Iko kwenye boksi kubwa, stoo.

Daktari alifungua mdomo. Mzee hakumtazama. Alinitazama mimi, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya pasi.

"Na hizi nyuzi, binti? Zimetoka kwa nani?"

Zamani ningejibu huku nafungua kabati.

"Sijui, mzee," nikasema. "Ngoja nikaangalie."

"Nangoja," akasema, akaegemea kiti.